Shule ya Kutwa Ipimwe kwa Mizani Gani?

Kila mwaka, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa, hesabu mbili hutawala mazungumzo ya elimu Meru na Embu: wastani wa shule, na idadi ya waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu. Katika shule kongwe kama Meru School na Kangaru, siku hiyo ni ya nyimbo na kubebana mabegani. Katika shule ndogo ya kutwa iliyojengwa nyuma ya shule ya msingi, kule Kiritiri, Ishiara, Laare au Mutuati, hesabu hizo hizo mara nyingi huleta wastani wa tatu na nukta kadhaa, watahiniwa ishirini na wachache, na pengine mtoto mmoja tu aliyefikisha C+. Mwalimu mkuu hutakiwa ajieleze. Mzazi mwenye uwezo huanza kutafuta shule nyingine. Neno linalobaki kijijini ni kwamba shule imeanguka.

Ninaamini shule hizi zinastahili kupimwa, tena kwa ukali kuliko zinavyopimwa sasa. Ila mizani yenyewe lazima ijue ni nani aliingia shuleni, nani alibaki, na alipotoka alielekea wapi. Wastani wa mwaka mmoja haujui hata moja kati ya hayo matatu.

Shule mbadala kama hizi si jambo geni upande huu wa Mlima Kenya. Baada ya mgogoro wa 1929 baina ya wamisheni na jamii kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wa Embu, kama wenzao wa Ugikuyuni, walianzisha shule huru zisizotawaliwa na misheni. Wakaguzi wa serikali ya kikoloni walizilaumu kwa walimu wasio na mafunzo, na Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952 zikafungwa. Lawama ile haikuwa ya uongo mtupu. Lakini hakuna aliyetaka kujua kwa nini watu wasio na kitu walikuwa tayari kuchanga ili watoto wao wasome.

Uhuru ulileta shule za harambee, nazo zikapimwa vivyo hivyo, kwa kuwekwa kando ya shule zilizofadhiliwa na serikali na kuonekana duni. Kisha sheria ya hazina ya CDF ya 2003 ikaweka fedha za maendeleo mikononi mwa maeneo bunge, na kila kata ikataka sekondari yake. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, na kuanzia 2018 ikasisitiza kwamba kila mtoto aliyemaliza darasa la nane lazima aingie kidato cha kwanza, alama zake ziwe zipi. Shule ndogo ya kutwa ndiyo iliyotekeleza agizo hilo. Shule ya bweni yenye jina ilichagua wanafunzi wake. Hii ilipokea waliobaki, kisha zote mbili zikapangwa kwenye orodha moja.

Waliobaki ni akina nani? Igembe na Tigania ni nchi ya miraa. Mvulana wa miaka kumi na mitano anayejua kupanda mti na kuchuma anaweza kulipwa jioni ile ile, na shule haina kitu cha kushindana na pesa ya jioni ile. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipofunga soko kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, kipato cha Maua na vitongoji vyake kilitikisika. Pesa za nyumbani zikipungua, karo ya bweni huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatwa, na mtoto hurudi nyumbani asome kutwa. Mbeere kuna muguka, jamii ya miraa, na Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku, wakulima wa Mbeere waliona jinsi soko linavyoweza kufungwa kwa tangazo la siku moja. Ongeza kiangazi cha nyanda za chini, ambapo maji huchotwa mbali kwa punda na mwenye kwenda kuchota ni mtoto. Ongeza pia wasichana waliojifungua. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha shuleni tangu 1994, na miongozo mipya ilitolewa 2020, lakini mama mwenye mtoto mchanga hawezi kurudi bwenini. Anarudi kwenye shule anayoweza kutoka saa kumi akamnyonyeshe mwanawe.

Kila mmoja wa watoto hawa, akikaa kwenye chumba cha mtihani, huingia katika wastani. Asipokaa, anafutika. Nitalirudia hilo, lakini kwanza hesabu yenyewe.

KCSE hutoa pointi kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A. Tuseme shule ina watahiniwa 24. Mmoja wao, badala ya E aliyotarajiwa kupata, anapata B+, yaani pointi 10. Mtoto huyo peke yake amepandisha wastani wa shule nzima kwa karibu nukta 0.38. Katika shule ya watahiniwa 300, muujiza huo huo unasogeza wastani kwa 0.03, na hakuna anayeuona. Kinyume chake ni kweli pia: wanafunzi wawili wazuri wakihama kidato cha tatu, shule ndogo inaporomoka ilhali walimu ni wale wale na kazi ni ile ile.

Watakwimu wana njia ya kukadiria ukubwa wa yumbayumba hii. Ikiwa alama za wanafunzi hutawanyika kwa takriban pointi mbili kutoka kwenye wastani wao, darasa la watahiniwa 24 linaweza kupanda au kushuka kwa nukta 0.4 kwa sababu tu ya nani alitokea kuwa darasani mwaka huo. Shule ikitoka 3.6 mwaka huu ikafika 4.2 mwaka ujao, huenda imeboreka kweli. Huenda pia haikubadilika hata kidogo. Kwa mwaka mmoja, hakuna afisa wa elimu, awe hodari vipi, anayeweza kutofautisha. Akijumlisha miaka mitano, anapata watahiniwa 120, na yumbayumba inapungua hadi chini ya 0.2. Hapo anaweza kuanza kusema jambo. Kupongeza shule kwa kupanda, au kumhamisha mwalimu mkuu kwa kushuka, kwa sababu ya mwaka mmoja wa watahiniwa ishirini, ni kumlaumu mtu kwa mvua.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Thomas Kane na Douglas Staiger walichunguza shule za jimbo la North Carolina na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba shule ndogo zilikuwa nyingi mno kwenye orodha ya zilizofanya vizuri zaidi, na pia kwenye orodha ya zilizofanya vibaya zaidi, kwa sababu hesabu ndogo hurukaruka pande zote mbili. Wakati huo wakfu wa Bill na Melinda Gates ulikuwa tayari umejitosa kuunda na kugawa sekondari ziwe ndogo. Mwaka 2009, baada ya zaidi ya dola bilioni 2 za kuboresha sekondari, Bill Gates mwenyewe aliandika kwamba nyingi ya shule ndogo walizofadhili hazikuinua matokeo ya wanafunzi kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayesema shule ni nzuri kwa kuwa ni ndogo hana ushahidi zaidi ya anayesema ni mbaya kwa kuwa ni ndogo.

Mizani yetu ya kitaifa nayo haikutulia. KCSE ya 2015 ilitoa alama za A 2,685. Ya 2016, baada ya wizi wa mitihani kubanwa, ilitoa 141. Shule iliyoshuka mwaka huo haikuwa lazima imezorota. Mwaka 2023 njia ya kukokotoa alama ya jumla ilibadilishwa: sasa huhesabiwa hisabati, lugha moja ambayo mwanafunzi amefanya vizuri, na masomo mengine matano bora. Waliopata C+ na zaidi waliongezeka nchini kote, na shule nyingi zikasherehekea kupanda ambako kwa sehemu kulitokana na kanuni mpya. Hata marufuku ya kupanga shule kwa nafasi, iliyotangazwa na Waziri Jacob Kaimenyi mwishoni mwa 2014, haikuondoa orodha. Iliondoa orodha ya serikali tu, ikaacha zinazotungwa na kusambazwa kwenye simu.

Kipimo chenye haki zaidi ni kulinganisha alama ya kutoka na ya kuingia. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza na alama 170 kati ya 500 za KCPE, mtihani wa darasa la nane, akatoka na C-, amepandishwa ngazi ndefu. Aliyeingia na 390 akatoka na C+ ameshushwa, hata kama jina lake litatangazwa miongoni mwa waliofuzu. Hesabu hii haihitaji kompyuta ya ajabu. Alama za kuingilia zilikuwepo kwa kila mtoto hadi KCPE ya mwisho ya 2023, na mwalimu yeyote wa hisabati angeweza kuifanya kwa daftari. Kilichokosekana ni mtu wa kuiagiza.

Na pale wachumi walipoifanya kwa makini, walipata jambo la kuwafikirisha wazazi wote wa Meru wanaouza ng'ombe ili mtoto aende bweni lenye jina. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika utafiti waliouchapisha 2014, waliwalinganisha wanafunzi waliovuka kidogo tu mpaka wa kuingia shule za kitaifa na wenzao walioukosa kidogo tu. Waliovuka walipata wenzao bora na vifaa bora. Hata hivyo watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuingia huko kuliinua alama zao za KCSE. Sehemu kubwa ya fahari ya shule hizo ilikuwa imeshaingia getini pamoja na wanafunzi. Siko tayari kusema kwamba shule haina kazi yoyote. Ninasema kwamba wastani wa mwisho, peke yake, hupima zaidi nani alichaguliwa kuliko nini kilifundishwa. Kama ni hivyo kwa shule zilizo juu, ni hivyo pia kwa zilizo chini.

Sasa nirudi kwa waliofutika. Tuseme kidato cha kwanza kilianza na wanafunzi 58, na miaka minne baadaye wakakaa watahiniwa 31. Wastani unasema juu ya hao 31 pekee. Wale 27 walioacha, waliooa au kuolewa, waliokwenda kuendesha bodaboda au kuchimba mchanga mtoni, hawamo. Mbaya zaidi, wastani humtuza mwalimu mkuu anayewasukuma nje: asiyeweza akirudishwa darasa, akifukuzwa kwa karo hadi achoke, au akishauriwa ahame kabla ya usajili wa mtihani, matokeo yanapendeza. Ningeulizwa nichague tarakimu moja tu ya kuitangaza kwenye baraza la chifu, ningechagua hii: kati ya kila watoto 100 walioingia, wangapi walifika chumba cha mtihani? Mfumo wa NEMIS wa takwimu za elimu ulimpa kila mwanafunzi namba yake ya pekee, hivyo inawezekana kujua aliyehamia shule nyingine na aliyetoweka kabisa. Shule ya kutwa ya Mbeere inayowafikisha 90 kati ya 100 mwaka wa ukame imefanya kazi ambayo shule ya bweni haikuwahi kuombwa kuifanya.

Kuna fedha pia. Mgao uliowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 120 hupaswa kupata takriban shilingi milioni 2.7, na shule ya wanafunzi 1,200 milioni 26.7. Lakini mlinzi wa usiku ni mmoja kote kuwili, maabara ya kemia lazima iwe angalau moja, karani wa hesabu ni mmoja, na mwalimu wa fizikia anahitajika hata kama wanaosoma fizikia ni saba. Mgao wa kichwa kwa kichwa unaonekana wa haki kwenye karatasi, kumbe unazinyonga ndogo polepole. Tena haufiki wote: Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba serikali ingemudu karibu 16,900 kwa kila mwanafunzi. Pengo huzibwa na wazazi, ambao wanalipia chakula cha mchana na mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule, vijana wengi wao wakisubiri kuajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Mwalimu wa namna hiyo akipata kazi mahali pengine mwezi wa tano, darasa linakaa bila somo hadi mwezi wa tisa. Tathmini isiyoandika miezi hiyo mitupu haijatathmini shule. Imetathmini ukosefu wa mwalimu na kuubandika jina la shule.

Yote haya, hata hivyo, yasigeuzwe mwavuli wa uzembe. Zipo shule ndogo mbovu, na wanaozijua zaidi ni watoto wanaokaa ndani yake. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali anaingia darasani mara mbili kwa wiki badala ya tano, na fomu zake za TPAD, ule mfumo wa TSC wa kutathmini walimu ulioanza 2016, zimejazwa zote, zimepigwa sahihi, ziko kwenye faili. Silabasi ya hisabati inaishia nusu. Mtoto anafika kidato cha pili hawezi kusoma aya moja kwa ufasaha. Tangu mradi wa Uwezo uanze 2009 kuwapima watoto majumbani kwao, tumekuwa tukiambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba wengi wanapanda madarasa bila kumudu kusoma kwa kiwango cha darasa la pili, na sekondari inayowapokea bila kuwapima siku ya kwanza inajidanganya kwa miaka minne. Kwa hiyo sitetei shule zisikaguliwe. Natetea wakaguzi wakae darasani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda baraza zima la ubora na viwango. Ziara yake isiishie ofisini kwenye chai na madaftari ya maandalizi. Afisa aliyekaa asubuhi mbili mfululizo katika kidato cha pili atajua mambo ambayo KCSE itamwambia miaka miwili baadaye, wakati haina tena msaada kwa watoto hao.

Mizani ya pekee nayo imeshajaribiwa. Jimbo la California, Marekani, lilijaribu njia ya kuziwekea shule mbadala, zinazopokea waliofukuzwa au kuchelewa kwingine, vipimo vyao wenyewe. Kwa mfano, badala ya kuuliza wangapi walihitimu katika miaka minne, liliuliza wangapi kati ya walio katika mwaka wa mwisho wamehitimu mwaka huo. Lilikuwa swali la haki kwa shule iliyompokea mtoto akiwa amebakiza mwaka mmoja. Ila mizani ya pekee ina hatari yake: ikizoeleka, matarajio hushuka, na mtoto wa Mutuati huanza kupongezwa kwa kile ambacho mtoto wa Meru mjini angelaumiwa nacho. Mimi ningeweka namba zote mbili ubaoni, ile ya hatua zilizopigwa na ile ya pale mtoto alipofika, bila kuiacha moja imezwe na nyingine.

Kuna shule ambazo wastani hauzigusi kabisa. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyozaliwa kutokana na ripoti ya makanisa ya 1966 iliyouliza mtoto ataelekea wapi baada ya shule, viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Humo hakuna C+. Swali ni kama aliyesomea uchomeleaji vyuma anaweza kutengeneza lango likafungika, na kama mwaka mmoja baadaye ana kazi. Kaunti zote mbili zinaweza kuwapigia simu wahitimu wao; ni kazi ya karani mmoja kwa wiki kadhaa, na ingesema mengi kuliko hesabu ya cherehani zilizonunuliwa. Kadhalika shule za viziwi za Kaaga na St. Luke's, na ile ya wasioona ya St. Lucy's huko Igoji. Alama ya mtoto kiziwi hupima, kabla ya akili yake, kama mwalimu wake anajua Lugha ya Ishara ya Kenya vizuri kiasi cha kueleza usanisinuru. Ukimkagua mwanafunzi bila kukagua ishara za mwalimu, umekagua upande mmoja.

Haya yote yamekuwa ya dharura kwa sababu ya mfumo mpya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, na shule zilizokuwa za kaunti ndogo, nyingi zikiwa za kutwa, zimewekwa katika kundi la C4, la chini kabisa. Wanafunzi wanachagua kati ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule ndogo haiwezi kuajiri walimu wa njia zote, na mtoto anayechagua kwa kutazama majina hatachagua isiyojulikana. Ikikosa wanafunzi inakosa mgao, ikikosa mgao inakosa walimu, na mjadala wa kuifunga au kuiunganisha na jirani unaanza.

Baadhi ziunganishwe. Imenti na Manyatta, ambako sekondari mbili zinaweza kusikiana kengele, sioni sababu ya kulipa walimu wakuu wawili huku zote zikikosa mwalimu wa fizikia. Lakini Kiambere au pembezoni mwa Mbuga ya Meru, kuunganisha maana yake ni mtoto kutembea mwendo wa saa nyingi, au kupanga chumba sokoni akiwa na miaka kumi na sita bila mlezi. Anayeamua aweke mezani ramani, rejista ya miaka mitano na orodha ya walimu wa TSC kabla ya kuweka wastani.

Na safari hii takwimu za kuanzia zipo. Kila mwanafunzi wa gredi ya 10 amefika na matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, pointi 1 hadi 8 katika kila somo, na namba yake ya mfumo. KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Mwaka unaofuata wanafunzi hawa watamaliza gredi ya 12. Kama ofisi za elimu za Meru na Embu zitahifadhi sasa orodha ya walioingia kila shule, somo kwa somo, mwishoni mwa 2028 itawezekana kuihesabu kazi ya shule ndogo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na wale ambao hawakufika mwisho.